Je, Wajua? Safari ya Faili Kutoka Sebuleni Hadi Chumbani

Picha ya mtoto iko kwenye simu yako, sebuleni. Unaitaka kwenye kompyuta iliyo chumbani, hatua kumi na mbili kutoka ulipokaa. Wengi wetu tunajitumia kwa WhatsApp au kwa barua pepe. Picha inapanda hadi mnara wa simu, inashika njia ya nyaya ndefu, na mara nyingi inavuka bahari hadi kwenye kompyuta za kampuni fulani ng'ambo, kisha inarudi hadi chumbani. Bando limeliwa mara mbili, kwenda na kurudi. Na usipoituma kama hati, WhatsApp huiminya njiani, ikapoteza ukali wake.

Nimeyaona haya katika nyumba nyingi na yananiuma, kwa sababu kile kisanduku chenye antena kilicho juu ya kabati la televisheni kingeweza kuibeba picha hiyo moja kwa moja, bila kukudai hata senti tano.

Je, wajua kwamba bando likiisha mtandao wa nyumba haufi?

Ruta, yaani kile kisanduku chenye antena, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuiunganisha nyumba na dunia. Ya pili ni kuviunganisha vyombo vya ndani vyenyewe kwa vyenyewe: simu, kompyuta, televisheni, printa. Bando ni nauli ya kazi ya kwanza tu. Mradi umeme upo, kompyuta mbili zilizo chini ya ruta moja zitapeana mafaili usiku kucha hata kama malipo ya intaneti yalikwisha wiki iliyopita.

Kila chombo hupewa anwani na ruta, na ukichungulia kwenye mipangilio utaona kwamba anwani hiyo, mara nyingi, inaanza na 192.168. Jirani yako naye ana hiyohiyo. Yuko mtu Kisumu na mwingine Muscat ambaye kompyuta yake ina anwani ileile kabisa na ya kwako, na hakuna anayegongana na mwenzake. Februari 1996, waraka uitwao RFC 1918 ulizitenga anwani hizi kwa matumizi ya ndani: kundi la 192.168 lina anwani 65,536, na kundi linaloanza na 10 lina 16,777,216. Zinafanya kazi kama neno Mama. Kila nyumba ina Mama wake, na mtoto akiita ndani ya nyumba yake hakuna anayekosea ni nani anayeitwa. Tatizo lingeanza pale jina hilo lingetumwa nje ya mlango, na ndiyo maana ruta haiziruhusu anwani hizo kutoka.

Je, wajua kwamba mega za tangazo si mega za faili?

Kampuni za intaneti na watengenezaji wa ruta huhesabu kwa megabiti. Kompyuta inapokuonyesha ukubwa wa faili, huhesabu kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo waya wa mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde, hata ukifanya kazi bila dosari, hausukumi zaidi ya megabaiti 12.5 kwa sekunde. Filamu ya gigabaiti 4 itachukua dakika tano na ushee. Ukiwa na ruta na kompyuta zenye uwezo wa gigabiti moja, filamu hiyohiyo itapita kwa sekunde thelathini na mbili, kama diski zenyewe zinaweza kwenda mwendo huo.

Kwenye Wi-Fi kuna jambo ambalo halisemwi madukani. Kompyuta zote mbili zikiwa hazina waya, faili linapita hewani mara mbili: kutoka kompyuta ya kwanza hadi ruta, na kutoka ruta hadi ya pili. Hewa ni moja, na anaposema mmoja wengine hunyamaza. Mwendo unagawanyika karibu nusu. Ukichomeka waya kwenye mojawapo tu ya zile kompyuta mbili, umeondoa safari moja kati ya hizo.

Na mafaili madogo madogo huchosha kuliko moja kubwa. Picha 3,000 za harusi zenye uzito sawa na filamu moja zitachelewa sana kufika, kwa sababu kila faili lina shughuli zake: lifunguliwe, liandikwe jina, lipewe tarehe na ruhusa, lifungwe. Ni tofauti ya kubeba gunia la mchele kwa mkokoteni na kuuhamisha mchele uleule kwa vikombe. Wazee wa Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, walilijua hilo. Toleo la saba la mfumo huo, la mwaka 1979, lilikuja na programu ya tar, ambayo hufunga mafaili elfu kuwa furushi moja. Ilitengenezwa kwa ajili ya kanda za sumaku, na hadi leo iko karibu kwenye kila kompyuta ya Linux.

Je, wajua kwamba inawezekana kutuma tofauti peke yake?

Hapa naomba tukae kidogo, maana hiki ndicho kiini cha mambo yote.

Tarehe 19 Juni 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, walitangaza programu waliyoiita rsync. Swali walilojiuliza lilikuwa hili: mimi nina toleo jipya la faili, wewe una la zamani, na njia iliyo kati yetu ni ya polepole. Nitajuaje kilichobadilika bila kukutumia langu lote, na bila wewe kunitumia lako?

Ungedhani inatosha kuyakata mafaili yote mawili vipande vinavyolingana, kisha kulinganisha cha kwanza kwa cha kwanza na cha pili kwa cha pili. Lakini ongeza neno moja mwanzoni mwa barua. Kila herufi iliyo baada yake imesogea, na hakuna kipande kinachofanana tena na mwenzake, ingawa barua ni ileile ila neno moja.

Jibu lao lilikuwa hivi. Wewe mwenye faili la zamani unalikata vipande, na kila kipande unakipigia hesabu mbili, moja nyepesi na moja nzito. Unanitumia hesabu hizo tu. Vipande vinabaki kwako. Mimi naweka dirisha lenye upana wa kipande kimoja juu ya faili langu jipya, nalisogeza baiti moja baada ya nyingine, na kila hatua nauliza: hesabu nyepesi ya hapa nilipo inafanana na mojawapo ya zile ulizonitumia? Ikifanana, ndipo napiga ile nzito kuthibitisha. Ikithibitika nakuambia: hapa tumia kipande chako cha 14. Isipofanana nakutumia baiti zenyewe. Mwishowe unalijenga faili jipya kwako kwa vipande vyako mwenyewe na vile vichache nilivyokutumia.

Uzuri wote umo katika hesabu nyepesi. Faili la megabaiti 100 lina karibu mahali milioni mia moja pa kulisimamisha dirisha, na kama kila mahali ungeanza hesabu upya, kutuma faili zima kungekuwa afadhali. Sasa mfikirie konda wa daladala iliyojaa. Kituoni ameshuka mmoja, amepanda mmoja. Hawahesabu abiria wote upya. Anatoa mmoja, anajumlisha mmoja. Ndivyo rsync inavyofanya: baiti inayotoka nyuma ya dirisha inatolewa, inayoingia mbele inajumlishwa, na hesabu ya mahali papya iko tayari kwa kazi ndogo sana. Tridgell aliueleza utaratibu huu kwa urefu katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1999, na kwangu ni miongoni mwa fikra nzuri kabisa zilizowahi kuingizwa kwenye kompyuta.

Ukinakili kutoka diski moja hadi nyingine ndani ya kompyuta ileile, rsync yenyewe huuacha ujanja huu na kubeba faili zima. Kusoma pande zote mbili na kupiga hesabu kungegharimu kuliko kuandika tu.

Tahadhari moja kwa anayeanza kuitumia: mkwaju mmoja mwishoni mwa jina la folda hubadilisha maana. Ukiandika picha/ inanakili vilivyomo ndani ya folda. Ukiandika picha inanakili folda yenyewe pamoja na vilivyomo. Ukichanganya kosa hilo na amri ya kufuta visivyokuwepo upande wa pili, unaweza kupoteza miaka. Kuna amri ya majaribio, -n, inayokuonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu. Itumie kila mara.

Je, wajua kwamba jina la programu ya Samba lilitafutwa kwenye kamusi na kompyuta?

Tridgell huyohuyo, akiwa bado mwanafunzi mwishoni mwa mwaka 1991, alitaka kompyuta yake ndogo ione diski ya kompyuta kubwa ya Unix. Alisikiliza mazungumzo yaliyopita kwenye waya wa mtandao, akajifunza lugha yake kama mtu anayejifunza lugha ya wageni kwa kukaa nao barazani, kisha akaandika programu inayoizungumza. Lugha hiyo iliitwa SMB, nayo ilibuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jina la awali la programu ya Tridgell lilikuja kugongana na la kampuni nyingine, basi akaiamuru kompyuta imtafutie kwenye kamusi ya Kiingereza maneno yenye s, m na b kwa mfuatano huo. Mojawapo lililotoka ni samba, ngoma ya Brazil.

Yeye hakuwa anawaza Kiswahili. Lakini sikio la Mswahili likisikia Samba linasikia sambaa na sambaza, na Kenya nzima inaijua Sambaza kama njia ya kumgawia mwenzio salio la simu. Programu iliyokuja kusambaza mafaili katika majumba na maofisi ya dunia nzima ilipata jina hilo kwa bahati tu.

Toleo la kwanza la SMB lilikuja kuleta msiba. Tarehe 12 Mei 2017 virusi viitwavyo WannaCry vilipita kwenye tundu lililokuwamo katika Windows, kwenye sehemu inayohudumia toleo hilo. Vikaruka kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya mitandao ya ndani, vikafunga mafaili na kudai fidia. Viliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Dawa ilikuwa imeshatolewa tangu Machi mwaka huohuo. Waliopigwa ni wale ambao hawakuwa wameisakinisha.

Je, wajua kwa nini Bluetooth huchosha?

"Nirushie hiyo nyimbo." Vijana wa miaka ya 2000 walisema hivyo, simu mbili zikigusana vichwa kwenye benchi la kijiweni. Bluetooth imepewa jina la Harald wa Denmark, mfalme wa karne ya 10, na alama yake ni herufi zake mbili za kale zilizounganishwa. Ila bomba lake ni jembamba. Zile za wakati huo zilikuwa na kikomo cha megabiti 3 kwa sekunde, na kwa mwendo huo filamu ya gigabaiti 4 ingehitaji karibu saa tatu. Xender na SHAREit zilipokuja zikaonekana za ajabu kwa sababu ya jambo dogo: simu moja inageuka kituo cha Wi-Fi, nyingine inajiunga nayo, na bando haliguswi. Ni mtandao wa nyumbani uliojengwa kwa dakika mbili, bila nyumba.

Na kubeba kwa mkono, au hata kwa bawa, kusidharauliwe. Septemba 2009 huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, njiwa aitwaye Winston aliruka kutoka Howick hadi Hillcrest, karibu na Durban, akiwa na kadi ya gigabaiti 4 mguuni. Safari ilimchukua saa moja na dakika nane. Kazi nzima, pamoja na kuyapakua mafaili, ilikwisha kwa saa mbili na dakika saba hivi. Intaneti ya ofisi iliyoanza kutuma mafaili hayohayo wakati uleule ilikuwa imefikisha asilimia 4.

Je, wajua kwamba jina la safu hii haliwezi kuwa jina la faili?

Windows inakataza alama ya kuuliza katika jina la faili. Inakataza pia nuktambili, nyota, mikwaju yote miwili na nyingine chache. Mac na Linux zinaruhusu alama ya kuuliza. Kwa hiyo faili liitwalo "Je, Wajua?" litakaa vizuri kwenye kompyuta ya Linux, na siku ukilinakili kwenda Windows litakwama mlangoni au libadilishwe jina. Kwaya zinazorekodi ibada na kuandika "Ibada ya 10:30" zitakutana na jambo lilelile kwa sababu ya zile nukta mbili. Windows ina majina mengine ya mwiko, kama CON, PRN, AUX na NUL, urithi wa siku za mashine za zamani, yaliyokuwa majina ya vifaa kama printa.

Kisha kuna herufi kubwa na ndogo. Linux huona Harusi.jpg na harusi.jpg kuwa mafaili mawili tofauti. Windows na Mac, kwa kawaida, huona moja. Programu ikiyasawazisha, ili kompyuta mbili ziwe na mafaili yaleyale, moja linaweza kumfunika mwenzake.

Kiswahili kimebahatika. Wenye lugha za herufi zenye alama juu, kama Wafaransa, husumbuka kwa sababu é inaweza kuandikwa kwa namna mbili ndani ya kompyuta, na macho yasione tofauti. Sisi herufi zetu ni tupu, ila mahali pamoja: ng'. Kibodi ya kompyuta huandika Ng'ombe kwa alama iliyonyooka. Programu nyingi za kuandikia, na baadhi ya simu, huigeuza kuwa iliyopinda: Ng’ombe. Wewe unasoma neno moja, kompyuta inaona majina mawili, na folda yako ya mifugo itakuwa na mbili badala ya moja. Niliwahi kutafuta kwa muda mrefu kwa nini folda ya "Nyang'oro" ilijirudia, hadi nilipoyakuza maandishi nikaona mkato umeinama.

Je, wajua kwamba kompyuta hazikubaliani muda ulianza lini?

Programu nyingi za kunakili na kusawazisha hulinganisha mafaili kwa ukubwa na tarehe tu, bila kuyasoma. Linux huhesabu muda tangu tarehe 1 Januari 1970; diski za Windows, tangu 1 Januari 1601. Flashi nyingi za zamani hutumia mfumo wa FAT, ambao huandika muda kwa kuruka sekunde mbili mbili, hivyo faili lilelile linaweza kuonekana limebadilika. FAT pia huandika saa ya mahali ulipo. Ndugu zetu walioko London au Toronto, ambako saa husogezwa mara mbili kwa mwaka, hukuta flashi nzima imetofautiana na kompyuta kwa saa moja kamili, na programu inaanza kunakili kila kitu upya. Afrika Mashariki hatusogezi saa, kwa hiyo shida hiyo haitujii.

Je, wajua kwamba faili lililofutwa huandikiwa hati ya kifo?

Kuna kompyuta mbili zinazosawazishwa. Ya kwanza ina faili liitwalo bajeti. Ya pili haina. Je, bajeti imeongezwa kwenye ya kwanza, au imefutwa kwenye ya pili? Ukiitazama hali ilivyo sasa tu, huwezi kujua. Kutokuwepo hakusemi lolote. Ukikosea upande mmoja unafufua kilichozikwa, ukikosea upande wa pili unaua kilichozaliwa jana.

Mwaka 1987 watafiti wa Xerox huko California waliandika juu ya tatizo hili katika mtandao wao, ambamo habari zilienea kutoka kompyuta hadi kompyuta kama uvumi. Walipofuta kitu, majirani walikirudisha. Suluhisho lao lilikuwa kuacha mahali pa kitu kilichofutwa taarifa ndogo yenye tarehe, nayo ienezwe kama habari nyingine. Wakaiita hati ya kifo. Programu za kusawazisha za leo hufanya jambo la aina hiyo: hukumbuka kilichokuwepo, ili zijue kipi kimekufa.

Ndiyo maana kusawazisha hakuwezi kuwa akiba. Mtoto akifuta folda kwenye kompyuta moja, hati ya kifo inafika kwenye ya pili kwa sekunde chache, kwa uaminifu kamili. Akiba ni nakala iliyokaa kando, isiyosikia habari hiyo.

Studio ya Pixar iliyaona haya mwaka 1998 ikitengeneza Toy Story 2. Mtu alitoa amri ya kufuta mahali pasipo pake, na wafanyakazi wakatazama wahusika wa filamu wakitoweka kwenye skrini mmoja baada ya mwingine. Walipoiendea akiba wakakuta haikuwa ikifanya kazi sawasawa. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, mkurugenzi wa ufundi, aliyekuwa amejifungua na kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ya nyumbani ilikuwa na nakala. Walikwenda kuichukua kwa gari, wakaiviringisha mablanketi na kuifunga mkanda wa kiti, kama abiria.

Je, wajua kinachotokea wawili wakiandika kwa wakati mmoja?

Msweden Jakob Borg alianzisha programu ya kusawazisha iitwayo Syncthing mwaka 2013. Haina kompyuta kuu popote. Vyombo vya nyumbani vinaitana vyenyewe juu ya ruta na kupeana mafaili. Watu wawili wakibadilisha faili moja kabla kompyuta zao hazijaonana, haimchagui mshindi kimyakimya. Lililobadilishwa mwisho linabaki na jina lake, na lile jingine linawekwa pembeni likiwa na maneno sync-conflict, tarehe na saa.

Mimi na dada yangu tuliweka hivyo daftari la michango ya harusi ya mdogo wetu. Umeme ulikatika jioni nzima, ruta ikazima, kila mmoja akaendelea kuandika kwenye kompyuta yake kwa chaji iliyobaki, huku simu za wajomba na shangazi zikiingia kwake na kwangu. Umeme uliporudi tukakuta mafaili mawili. Tulikaa mezani, yeye akisoma majina kutoka lake na mimi nikiweka alama kwenye langu. Michango mitatu ilikuwa kwangu tu, miwili kwake tu. Shangazi wa Korogwe alikuwa kwenye yote mawili, kwa viwango tofauti, kwa sababu alipiga simu mara ya pili kuongeza.